Kozi ya Wakili kwenye Kioo cha Kinyozi

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemezwa ukutani nje ya chumba cha kinyozi, pale barabara inapokata kona kuelekea mahakamani. Kushoto kuna meza ya fundi simu, kulia kuna Mama Birika na jiko lake la mkaa. Benchi lina mguu mmoja mfupi, umewekewa kipande cha tofali, na wenyeji wote wanajua upande wa kutoegemea. Asiye na kazi huja hapo kupumzika, na mwenye kazi nyingi huja kuzikimbia. Mambo yote makubwa ya dunia huamuliwa pale kila asubuhi juu ya vikombe vya kahawa, na kesho yake huamuliwa upya, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka tulikubaliana nini jana.

Siku hiyo kinyozi mwenyewe hakuwa na raha. Kesho yake asubuhi alikuwa na kesi. Mwenye nyumba wa zamani, mzee mpole aliyempangisha tangu enzi za mkasi na kitana, alikuwa ameshazikwa, na mwanawe aliyerithi alitaka chumba kile kiwe stoo ya vigae. Hakutaka maneno mengi. Alikwenda mahakamani kuomba kinyozi atolewe, yeye na kiti chake na kioo chake. Kinyozi hakuwa na chumba kingine cha kunyolea wala ujuzi mwingine wa kulishia watoto, na kwa wiki nzima alikuwa akigeukageuka kitandani mpaka mkewe akamwomba ahamie sebuleni ili walau mmoja wao alale. Tumaini lake lote aliliweka kwa wakili mmoja, mteja wake wa siku nyingi, ambaye kijiwe kilimbatiza jina la Pingamizi. Ukimwambia Pingamizi kwamba leo kuna jua, atasimama, ataweka koti lake sawa, na atapinga.

Sasa, Pingamizi naye alikuwa na lake. Chama cha mawakili kinamtaka kila wakili asome kidogo kila mwaka, masomo ya kujiendeleza, apate alama zake, ndipo leseni yake ifufuliwe. Asipozipata, anakaa chini kama mimi na wewe. Mwenzetu alikuwa ameahirisha mwezi baada ya mwezi, na leseni ya zamani ilikuwa inaisha siku hiyo hiyo. Bahati yake, mtandaoni kulikuwa na kozi za bure. Unafungua simu, mwalimu anatokea, anaongea, wewe unasikiliza. Kila baada ya muda kinatokea kitufe kinauliza kama bado upo. Usipobonyeza, somo linaanza upya.

Hicho kitufe ndicho kilichomshinda. Pingamizi hana makalio ya kukaa. Asubuhi alifika mbio, akaisimamisha simu yake kwenye rafu chini ya kioo, kati ya vitana na kopo la poda, akaichomeka kwenye chaji.

— Kaka, alimwambia kinyozi, kesi yako iko hapa. Kitufe kikitokea, bonyeza. Usiguse kingine chochote.

— Na wewe unakwenda wapi?

— Nina wateja mahakamani. Nikikosa alama leo, kesho siruhusiwi kufungua mdomo mbele ya hakimu. Utasimama peke yako.

Neno hilo lilimwingia kinyozi mpaka kwenye mifupa. Akaosha kidole gumba, akakifuta vizuri, akakiweka tayari.

Mwanzoni aliacha sauti, ingawa akili yake yote ilikuwa kwenye kitufe, si kwenye maneno. Lakini mwalimu yule, bwana mmoja mwembamba mwenye tai nyekundu, alikuwa na sauti ya kubembelezea watoto, na mteja wa kwanza alisinzia kichwa kikaangukia kwenye wembe. Hakukatwa, ila ilibaki kidogo tu. Kinyozi akazima sauti. Toka hapo mwalimu aliendelea kuchezesha midomo kimya kimya chini ya kioo, na kinyozi akawa ananyoa kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine, jicho moja kwenye utosi wa mtu na jingine kwenye simu.

Nje, kijiwe hakikuchukua muda kunusa kwamba kuna jambo. Wa kwanza kuingiza kichwa mlangoni alikuwa Asilimia, dalali wa vyumba, kaka wa mke wa kinyozi, mtu ambaye hata ukimwomba akuelekeze choo anataka chake. Nyuma yake akaja Refa, yule fundi simu, aliyewahi kuchezesha mechi za mtaani na mpaka leo anatembea na filimbi shingoni. Mama Birika hakuinuka, ila alisogeza jiko karibu na mlango ili asipitwe.

Yeye ndiye aliyeanza. Alitaka kujua mtu aliyekwisha kusoma anasoma nini tena. Ofisini kwa Pingamizi ameona picha kubwa, mtu amevaa joho, amekunja uso. Kama alimaliza, alimaliza. Yeye Mama Birika alifundishwa kuchemsha kahawa mara moja tu na hajawahi kuitwa arudi darasani.

— Sheria zinachacha, dada, Asilimia alimweleza. Zikikaa sana zinachacha. Wanatunga nyingine mpya, na wakili asiyepita darasani anabaki anauza zile zilizochacha.

— Sawa. Lakini mbona bure? Refa aliuliza. Nyie mmeona wapi wakili akipewa kitu bure? Wakili mwenyewe ukimsalimia anaangalia saa.

Hapo ndipo mjadala ulipoota miguu. Refa alikuwa na jibu lake tayari. Kwa maelezo yake kozi haikuwa kozi, ilikuwa sensa. Wakubwa wanataka kujua mawakili wangapi bado wapo hai, na ndiyo maana kitufe kinauliza, upo? Asiyebonyeza wanampigia mstari, jina lake linapewa mtu mwingine.

Asilimia alilikataa hilo kwa dharau kubwa. Yeye aliangalia biashara. Alisema mwalimu yule ni dalali mwenzake, amemjua kwa kumtazama tu. Anawakusanya mawakili kwa kozi ya bure, wakishazoea anawauzia tai. Hebu tazameni ile tai, ilivyonyooka, ilivyowekwa katikati ya picha. Hiyo ni bidhaa.

Kitufe kikatokea. Kinyozi mikono yote miwili ilikuwa na povu.

— Shemeji, kidole, alisema.

Asilimia alibonyeza, kisha akakitazama kidole chake kwa heshima mpya. Tangu hapo akajiona msaidizi wa wakili, na kila mteja aliyeingia alimweleza kwamba ofisi ya sheria leo imehamia hapa, anyamaze kidogo.

— Mimi kuna kitu kinanisumbua, alisema Mama Birika. Huyo mwalimu tangu asubuhi hajanywa hata maji. Anaongea, anaongea. Hakohoi, hajikuni. Jamani, huyo si mtu.

Kijiwe kizima kikamsogelea mwalimu kumchunguza. Kweli hakujikuna. Refa, kwa mamlaka ya mtu anayefungua simu kila siku, akatangaza kwamba ni mashine. Siku hizi wanatengeneza mashine yenye uso na tai, inafundisha popote bila mshahara, na jibu la kwa nini ni bure ndilo hilo.

— Basi nielezeni, Asilimia alisema taratibu, na kila aliyemjua akajua kuna kubwa linakuja. Mwalimu ni mashine. Mwanafunzi hapa ni shemeji yangu na povu lake. Mawakili wengine wote wenye haraka, si na wao wamewaachia vinyozi? Kwa hiyo nchi nzima leo mashine inawafundisha vinyozi sheria. Mwaka kesho sisi ndio tutakuwa mawakili, na wao watanyoa.

Refa alipuliza filimbi na kumpa kadi ya njano kwa mdomo, maana kadi zenyewe zilishapotea.

Kinyozi alicheka na wao, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Kila aliposikia kishindo barabarani aligeuka, akidhani ni lori la vigae. Alikijua chumba kile kwa vidole. Alijua swichi inayotaka kupigwa mara mbili, alijua ufa wa kioo ulikoanzia, na alijua ni vichwa vya akina nani alivyovinyoa mara ya kwanza pale, vikalia, vikakua, vikarudi na ndevu. Wazo la kwamba kesho mtu atakuja kupanga maboksi mahali pale lilimtia uchungu mpaka machozi yakamlenga. Akasingizia poda.

Jua lilipopinda, ubishi ukahamia kwenye midomo ya mwalimu. Refa alidai anaweza kusoma midomo, kipaji alichokipata uwanjani, wachezaji walipokuwa wakimtukana kwa mbali. Mwalimu alipotanua mikono, Refa akasema hiyo ni talaka, wanagawana vitu vya nyumbani. Mwalimu alipoinua kidole kimoja, Asilimia akasema si talaka, ni mauaji, aliyeuawa ni mmoja. Mwalimu alipoinamisha kichwa kidogo, Mama Birika akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema masikini, ni mirathi, na yaelekea huyo bwana mwenyewe walimdhulumu.

Kitufe kikawa kinatokea, kidole cha mtu fulani kinabonyeza, maisha yanaendelea. Masomo yenyewe yalikuwa mengi, moja likiisha linafuata jingine, mwalimu yule yule, tai ile ile. Hatimaye simu ikatoa mlio, mwalimu akapotea, na kwenye kioo cha simu kikajaa cheti chenye jina la Pingamizi, nembo, na alama zote alizokuwa akidaiwa mwaka mzima.

Naye kama aliyeitwa, ndiye huyo akatokea kona, koti begani, jasho likimtiririka. Walimpokea kama harusi. Refa alipuliza filimbi ya mwisho wa mchezo. Asilimia alimkumbusha kwamba sehemu kubwa ya cheti kile ni kazi ya kidole chake, na kwamba wataongea baadaye. Pingamizi alikituma cheti kwa chama hapo hapo, akajibiwa hapo hapo kwamba leseni yake imepita, akawanunulia watu wote kahawa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kinyozi akavuta pumzi mpaka chini.

Ndani, kwenye kiti cha kusubiri, alikuwa amekaa dada mmoja mgeni, nesi aliyehamia mtaani siku si nyingi. Alikuja kupunguza nywele. Alikuwa amesikiliza sherehe yote bila kusema kitu, na sasa, kwa adabu tu, kama mtu anavyouliza habari za safari, akamgeukia Pingamizi.

— Hongera, wakili. Kozi ilikuwa inahusu nini?

Pingamizi akafungua mdomo.

— Ilikuwa inahusu, alisema. Ilikuwa ni mambo ya kisheria.

— Yapi?

Wakili akamtazama kinyozi. Kinyozi akamtazama Asilimia. Asilimia alisema mauaji, lakini alilisema kwa sauti ya chini, na Refa hata hakupata nguvu ya kusema talaka. Mama Birika aliinamia jiko lake akapuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa. Pingamizi akajitetea kwamba alipochagua aliangalia zile za bure, zenye alama nyingi, akagusa chache za juu, hakusoma majina. Dada wa watu akasema samahani, hakuwa na nia mbaya. Hakika hakuwa nayo, na hilo ndilo lililouma.

Kinyozi hakuwa mtu wa kugombana, hasa na wateja. Aliikung'uta shuka yake ya kunyolea, nywele zikaruka.

— Pingamizi, ndugu yangu. Kesho nani ananitetea? Wewe uliyekuwa hupo, au mimi niliyekuwa nabonyeza?

Wakili hakupinga. Ilikuwa mara ya kwanza kijiwe kumwona hapingi, na watu waliona aibu kwa niaba yake.

— Kaa hapo, kinyozi alimwambia. Kesho unasimama mbele ya hakimu kwa ajili yangu, huwezi kwenda na kichwa hicho. Dada, utaniwia radhi, huyu nampitisha mbele yako.

Nesi akasema yeye hana haraka, na kwa jinsi alivyokaa vizuri kwenye kiti ilionekana asingeondoka hata angefukuzwa.

Pingamizi alikaa. Kinyozi akamfunga shuka shingoni, akaikaza kidogo kuliko kawaida, akawasha mashine. Alianza nyuma ya sikio la kulia akapanda mpaka utosini, akashuka, akapanda tena. Alimnyoa upande huo vizuri sana, akausafisha, akaupaka spiriti. Kisha akazima mashine na kuitundika ukutani.

— Mbona umeacha?

— Refa, kinyozi aliita, njoo uturudishie lile somo la kwanza. Sauti mpaka mwisho.

Pingamizi alijiona kwenye kioo. Upande mmoja alikuwa kichwa cheupe kinachong'aa, upande wa pili alikuwa wakili. Mtu hawezi kutokea barabarani hivyo, hasa barabara inayokwenda mahakamani. Alitaka kuinuka, shuka ikamrudisha, na kicheko kilichotoka kwenye benchi kilisikika mpaka ng'ambo. Hata yeye mwenyewe, alipojitazama mara ya pili, ilibidi acheke. Ndipo mwalimu wa tai nyekundu akasema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza:

— Karibuni, mawakili wenzangu. Kama mnavyojua, sheria ya upangaji imebadilika mwaka huu, na makosa yamekuwa mengi, ndiyo maana tunatoa masomo haya bila malipo. Leo tunaanza na mpangaji wa chumba cha biashara ambaye mwenye nyumba anataka kumtoa.

Kicheko kikakatika. Kinyozi alikuwa ameshika mgongo wa kiti, akaushika zaidi. Mwalimu aliendelea bila haraka. Zamani, alisema, wakili wa mpangaji alikuwa anasimama siku ya kesi, anapinga kwa mdomo, inatosha. Sasa haitoshi. Majibu ya mpangaji yawe yameandikwa na kupokelewa mahakamani kabla kesi haijaitwa. Yasipokuwepo, hakimu hana la kusikiliza, na mpangaji anatoka. Lakini yakiwepo, na kama mpangaji amekaa miaka mingi bila kuvunja masharti, basi mwenye nyumba ndiye mwenye kazi ngumu.

Kinyozi alimtazama Pingamizi kwenye kioo, na Pingamizi alimtazama yeye humo humo, maana kutazamana uso kwa uso kuliwashinda wote wawili.

— Umeandika? kinyozi aliuliza.

— Sijaandika. Kesho nilikuwa nakuja kuongea tu, kaka. Nilikuwa nimejiandaa kuongea sana.

Kinyozi akakaa kwenye kiti kingine cha kusubiri, kando ya nesi. Asubuhi nzima maneno yale yalikuwa yakipita hapo chini ya kioo chake, wokovu wa chumba chake ukisemwa na mtu mwenye tai, naye ameuzima kwa sababu ulikuwa unasinzisha wateja. Hakujua amkasirikie wakili au ajikasirikie mwenyewe. Nesi alimshika bega, akamwambia polepole kwamba kesho bado haijafika. Ndipo akaanza kuona kwamba ni kweli, na hofu ikageuka ikawa kitu kinachokaribia furaha.

Kijiwe kizima kikawa ndani. Mama Birika alikuja na birika lake akakaa sakafuni. Asilimia alisimama mlangoni akiwazuia wateja, akiwaambia mahakama imeanza. Pingamizi alitoa mkono chini ya shuka, akaomba kalamu, akaanza kuandika nyuma ya kalenda ya ukutani iliyochanwa kwa ajili yake. Mara mbili alimwomba Refa arudishe nyuma kidogo. Kitufe kilipotokea alikibonyeza mwenyewe.

Somo likaisha. Mwalimu akasema katika somo la pili ataonyesha jinsi majibu hayo yanavyoandikwa, kipengele kwa kipengele, akaaga. Kinyozi aliinuka, akaichukua mashine ukutani, akaiwasha. Aliona mwenzake amekwisha kuadhibiwa vya kutosha, na kichwa nusu kilianza kumtia huruma. Akakishika upande wenye nywele, akakiinamisha.

Pingamizi akausogeza kando mkono wa kinyozi.

— Usinimalizie, kaka. Ukinimalizia nitaondoka, najijua. Weka hilo la pili.